Chungu cha Louisiana kilivyohama

Tarehe 24 Julai 1966, Victor Schiro, meya wa New Orleans, alialikwa California kuzindua mtaa wa mji wake mwenyewe. Mtaa huo ulikuwa ndani ya Disneyland, bustani ya burudani iliyopo Anaheim, nao ulikuwa na roshani za vyuma vya nakshi, vichochoro vyembamba na mahali pa kupigia jazi. Uligharimu takriban dola milioni 18. Marekani ilipoinunua Louisiana yote kutoka kwa Ufaransa mwaka 1803, ardhi iliyotambaa kutoka Ghuba ya Mexico hadi karibu na Kanada, ilitoa dola milioni 15. Mwaka 1967 mkahawa ulifunguliwa katika mtaa huo, ukaitwa Blue Bayou. Meza zake zimepangwa kando ya kinamasi cha kutengenezwa, chini ya anga la usiku lililomo ndani ya jengo, hata kama nje ni saa saba mchana na jua limewaka.

Mwaka 1969, kama kilomita 50 kutoka hapo, familia yenye asili ya New Orleans ilifungua mkahawa kwenye barabara ya Jefferson, Los Angeles, ikauita Harold & Belle's. Hapakuwa na anga la bandia. Walioingia walikuwa watu wa mji mmoja wanaotafuta pa kukutana, kucheza karata, kuulizana habari za jamaa, na kula kile walichokila kwa mama zao. Chakula cha Louisiana kimetoka kwao kwa njia hizi mbili: kuna kilichosafiri na watu, na kuna jina lililosafiri peke yake. Anayekaa leo kwenye mkahawa wa aina hii, mahali popote duniani, analetewa sahani iliyopitia mojawapo ya njia hizo, na mara nyingi hajui ni ipi.

Vibao vya milangoni navyo havimsaidii. Huandikwa Kikajuni na Kikrioli kwa pamoja, kana kwamba ni mapacha, ilhali ni majirani tu.

Wakajuni ni wazao wa Wafaransa waliohamia Acadie, pwani ya mashariki ya nchi ambayo leo ni Kanada, mwanzoni mwa karne ya 17. Walijenga kingo za udongo kuzuia maji ya bahari, wakalima ngano na kufuga ng'ombe. Mkataba wa Utrecht wa 1713 uliwatia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1755 naibu gavana Charles Lawrence akaamuru waondolewe kwa kuwa walikataa kula kiapo cha utii kisicho na masharti. Nyumba zilichomwa moto na jamaa wakatenganishwa wakati wa kupakiwa melini. Katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 10,000 walifukuzwa, na wengi walifia njiani. Kundi moja, likiongozwa na Joseph Broussard aliyejulikana kama Beausoleil, lilifika Louisiana mwaka 1765. Mwaka 1785 Hispania, iliyokuwa ikiitawala Louisiana wakati huo, iligharamia meli saba kuwaleta wengine wapatao 1,600 waliokuwa wakitangatanga Ufaransa. Wakulima hao wa nchi ya baridi wakajikuta vinamasini na kwenye mbuga zenye joto, ngano haistawi, mchele ndio chakula, na mbele yao wanyama ambao hawakuwahi kuwafikiria kuwa kitoweo.

Wakrioli ni watu wa mjini. New Orleans ilianzishwa mwaka 1718, na mwaka uliofuata zikafika meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika Magharibi. Manahodha walikuwa wameagizwa walete mbegu za mpunga na watu wanaojua kuulima. Katika kipindi chote cha utawala wa Ufaransa, karibu theluthi mbili ya Waafrika walioletwa walitoka Senegambia, nchi ya mpunga na mito. Wachoctaw, wenyeji wa ardhi hiyo, walikuwa wakikausha majani ya msasafrasi na kuyatwanga kuwa unga. Wahispania waliacha alama yao kwa miongo minne ya utawala. Mwaka 1809 wakafika wakimbizi zaidi ya 9,000 wenye asili ya Haiti, waliofukuzwa Kuba, weupe, watu huru weusi na watumwa, na idadi ya watu mjini ikakaribia kuongezeka maradufu kwa miezi michache. Msomaji anayewajua Wakrioli wa Shelisheli au Morisi ataona kwamba mambo haya si mageni upande wetu wa bahari: kisiwa au bandari, mashamba ya mabwana, watu wasiochagua kuishi pamoja, na jikoni moja.

Aliyeshika mwiko katika jiko hilo, mara nyingi, alikuwa mwanamke mweusi, na jina lake halikuandikwa popote. Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyekuja kufia Japani, ndiye aliyekusanya mapishi na kuyachapisha mwaka 1885 katika kitabu *La Cuisine Creole*. Mapishi yapo, wapishi hawapo.

Gumbo ndiyo sahani inayowaumbua wapishi wa ugenini, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Kwa wapishi wengi huanza na unga wa ngano na mafuta, vikikaangwa kwa moto mdogo na mwiko usiopumzika. Rangi hutoka kwenye ya siagi, ikawa ya karanga, kisha ya shaba, kisha ya chokoleti. Kufika hapo huweza kuchukua dakika 40 au zaidi, na vikionekana vidoa vyeusi tu vya kuungua, unamwaga na kuanza upya, hakuna dawa. Kisha huingia vitunguu, pilipili hoho na selari, ambavyo watu wa Louisiana, Wakatoliki wazuri, huviita utatu mtakatifu. Sasa ipo siri ambayo wengi hawaijui: unga ukishakaangwa hadi kuwa mweusi, hupoteza nguvu ya kufanya mchuzi uwe mzito. Ndiyo maana wapo wanaotegemea bamia, na wapo wanaotegemea ule unga wa Wachoctaw, unaotiwa chungu kikishaepuliwa, kwa sababu ukichemka hugeuka kuwa nyuzinyuzi. Mkahawa wenye haraka hautaki yote haya. Huchukua wanga wa mahindi, hutia pilipili ya kutosha kukufanya usiulize maswali, na mambo yanaisha.

Jambalaya husafiri kwa urahisi zaidi, kwa sababu mkono wa mpika pilau hauhitaji kufundishwa sana: nyama, viungo na mchele hukutana katika sufuria moja, na wali hunywa supu yote. Ya mjini huwa nyekundu kwa nyanya. Ya mashambani ni ya kahawia, na rangi hiyo hutokana na nyama iliyokaangwa hadi kugandia chini ya sufuria kisha ikakwanguliwa. Muulize mhudumu jambalaya yao ni ya rangi gani na kwa nini. Akijibu bila kwenda jikoni kuuliza, agiza.

Kabla mikahawa haijawa biashara ya jina, chakula hiki kilitoka Louisiana na mtu mmoja mmoja. Lena Richard, mzaliwa wa New Roads mwaka 1892, alianza kama mtumishi wa nyumbani, akasomea upishi Boston, na mwaka 1939 akachapisha kitabu chake kwa gharama zake mwenyewe. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya vitabu ikakitoa upya. Akaitwa kupika kwenye nyumba ya wageni ya Garrison, jimbo la New York, kisha Williamsburg, Virginia, katika miaka ambayo yeye mwenyewe asingeruhusiwa kuketi mezani kwenye mikahawa mingi ya kusini. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliuza gumbo iliyogandishwa kwa wateja wa mbali, na mwaka 1949 akapata kipindi chake cha televisheni New Orleans, mwanamke mweusi akifundisha upishi kwa jina lake. Alifariki mwaka 1950. Huyu ni jibu la mapema kwa kile kitabu cha Hearn.

Louis Armstrong naye alihamia Queens, New York, mwaka 1943 akakaa huko hadi kufa kwake, lakini barua zake nyingi alizimalizia kwa salamu ya wali na maharage mekundu. Nyumbani kwao hicho ni chakula cha Jumatatu. Ilikuwa siku ya kufua nguo, maharage yakiachwa jikoni na mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili, yakajipika yenyewe huku mikono iko kwenye povu. Ajabu ni kwamba wali maharage, ambao kwetu hauhitaji maelezo, ndio mtihani mwingine mzuri wa mkahawa wa Louisiana ugenini. Ukiona wanaupika Jumatatu, jua ndani yupo mtu wa kwao.

Los Angeles watu hao walikuwapo wengi, na sababu ya kuhama kwao ilianzia nyumbani. Mwaka 1892 Homer Plessy, fundi viatu Mkrioli wa New Orleans, alipanda behewa la weupe makusudi ili sheria ya ubaguzi ipelekwe mahakamani. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi yake, na kamba ikakazwa shingoni mwa Wakrioli weusi, waliokuwa na mafundi, wanamuziki na wenye nyumba tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Reli ilikuwapo: treni ya Sunset Limited ilitoka New Orleans na kuelekea moja kwa moja California. Kwanza walikwenda wachache, kisha viwanda vya ndege na meli vya Vita Kuu ya Pili vikawaita maelfu. Walikaa karibu karibu, kanisa moja, mtaa mmoja, na kando ya barabara ya Jefferson yakatokea maduka ya nyama yanayojua soseji yao na mikate yao. Aliyekwenda kusalimia nyumbani alirudi na masanduku ya barafu yaliyojaa kaa na kamba. Kabla ya hapo, mwaka 1922, Wakrioli wengine walikuwa wameanzisha mtaa wa Frenchtown huko Houston, Texas, na mafuriko makubwa ya Mississippi ya 1927 yakawaongezea majirani.

Katika mitaa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa gumbo ni nini. Mpishi aliyekosea alirekebishwa mbele ya watu, tena na mama mtu mzima. Hiki ndicho ninachokiona kuwa uhai wa chakula cha ugenini: mlaji anayeweza kukirudisha chungu jikoni. Blue Bayou haikuwa naye.

Kisha akaja Paul Prudhomme. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Opelousas, mtoto wa mwisho kati ya 13, katika familia ya Wakajuni wakulima. Kizazi cha wazazi wake kiliishi chini ya katiba ya jimbo ya 1921 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya shule, na watoto waliosema Kifaransa waliadhibiwa. Kuitwa Mkajuni ilikuwa kama tusi. Mwaka 1975 alishika jiko la Commander's Palace, mkahawa wa wenye nazo New Orleans, na mwaka 1979 yeye na mkewe wakafungua wao, K-Paul's Louisiana Kitchen. Nafasi haikuwekwa kwa simu. Ulipanga foleni nje, na ukifika ndani ulikalishwa meza moja na watu usiowajua.

Jikoni mwake hapakuwa na jiko la kuchomea, ndipo akabuni njia yake: samaki mwekundu wa Ghuba ya Mexico huchovywa kwenye siagi, hupakwa viungo pande zote, halafu hutupwa kwenye kikaango cha chuma kilichopashwa hadi karibu kuwa cheupe. Moshi wake unaweza kuwatoa watu chumbani. Samaki hutoka na gamba jeusi nje na laini ndani. Wakajuni wa mashambani hawakuwahi kupika hivyo. Ulikuwa ubunifu wa mpishi mmoja, wa mwaka 1980 hivi, nao ukaenea Marekani nzima kwa kasi ya uvumi. Mwaka 1983 alihamishia mkahawa wake San Francisco kwa muda, na mwaka 1985 New York, foleni zikazunguka kona za barabara. Kitabu chake cha 1984 kikauzwa sana, na viungo vyake vikatiwa vichupani.

Waliolipia sifa hizo kwanza ni samaki. Nyavu zilifuata bei, na kufikia mwaka 1986 serikali ya Marekani ililazimika kuzuia uvuvi wa kibiashara wa samaki huyo katika maji yake ya Ghuba. Zuio hilo halikuondolewa.

Wa pili kulipa ni Wakajuni wenyewe, ingawa hapa ubishi upo na mimi naegemea upande mmoja. Prudhomme aliwapa heshima waliyonyimwa shuleni; hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini kilichosafiri mbali zaidi ni kichupa. Mpishi wa mji wowote aliweza kunyunyizia unga mwekundu juu ya kuku, tambi au chipsi na kuviita vya Kikajuni, bila chungu, bila dakika 40 za mwiko. Ukali ukachukua nafasi ya ladha. Chakula cha mashambani Louisiana kina viungo, ndiyo, ila hakikuwa shindano la kutoa jasho. Njia hiyohiyo ilishapitiwa na Al Copeland, aliyeanzisha Popeyes mwaka 1972 huko Arabi, kitongoji cha New Orleans, na ambaye kuku wake leo wanauzwa hadi nchi za Ghuba ya Uajemi. Kwa watu wengi duniani, hiyo ndiyo Louisiana pekee waliyowahi kuitia mdomoni.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipasua kingo na maji yakafunika karibu asilimia 80 ya New Orleans. Maelfu walikimbilia Houston na Atlanta, na wengi hawakurudi. Dooky Chase's, mkahawa alioupikia Leah Chase kwa miongo mingi, na ambamo wapigania haki za weusi walikutana kwenye miaka ya 1960 weusi na weupe pamoja kinyume cha sheria, ulizama, ukafunguliwa tena mwaka 2007. Kitu kingine kilichopotea hakikuhesabiwa na kampuni za bima: vipande vya karatasi. Vitabu vya mapishi vya mabibi, kurasa zilizokatwa magazetini, maandishi ya mkono yenye madoa ya mafuta, vyote viliozea majini. Wasomaji wa gazeti la The Times-Picayune wakaanza kuandika kuomba: mwenye mapishi fulani ya mwaka fulani, tafadhali anisaidie. Wengine wakajibu kutoka kwenye madaftari yaliyosalimika. Majibizano hayo yakawa kitabu mwaka 2008.

Houston waliokuwa wakiwasubiri hawakuwa Wakrioli wa Frenchtown peke yao. Baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, wakimbizi wa Vietnam walikuwa wamejazana pwani ya Ghuba ya Mexico, wengi wakifanya uvuvi wa kamba kwa sababu joto, mito na nyavu walivijua tangu kwao. Walikuta desturi ya kuchemsha kamba wa kinamasi, wale wekundu wenye magando, pamoja na viazi, mahindi, limau na pilipili kali, kisha kuwamwaga juu ya meza iliyotandikwa magazeti. Wao wakaongeza hatua moja: kamba wakitoka majini hugeuzwageuzwa kwenye siagi iliyojaa kitunguu saumu. Wazee wa Louisiana walikunja uso, wakisema kiungo chafaa kiingie ndani ya nyama wakati wa kuchemsha, si kupakwa juu ya gamba. Ukweli ni kwamba vidole hulambwa hivyohivyo. Mwaka 2004 wanandoa wenye asili ya Vietnam walifungua The Boiling Crab huko Garden Grove, California, kilomita chache tu kutoka ile New Orleans ya Disneyland, na leo wana matawi mengi. Hawa hawakuwa na bibi kutoka Opelousas. Walikuwa na jamaa wa kulisha, na jamaa hao walikuwa na la kusema juu ya chakula.

Kamba wa kinamasi mwenyewe alishatembea mbali kuliko wapishi wote. Kwao alikuwa chakula cha maskini hadi katikati ya karne ya 20. Mji wa Breaux Bridge ulitangazwa makao makuu yake mwaka 1959, na wakulima wakaanza kumfuga katika mashamba ya mpunga baada ya mavuno. Mwaka 1927 alipelekwa Japani awe chakula cha vyura wa kufugwa, na kutoka huko akaingia China. Mwaka 1974 akaachiwa Hispania, katika mashamba ya mpunga ya mto Guadalquivir. Mwaka 1970 akaingizwa ziwa Naivasha, Kenya, kutoka Uganda alikokuwa ameshapandikizwa. Kufikia 1975 alikuwa akivuliwa huko kibiashara, na wengi wakisafirishwa Ulaya. Ziwani alikula mimea ya majini mpaka mayungiyungi ya buluu yakakaribia kutoweka katika sehemu nyingi, naye akaliwa na fisi maji, furukombe na samaki wa Kimarekani waliotangulia kupandikizwa. Soko la Ulaya lilipofifia, mteja aliyebaki alikuwa hasa hoteli ya watalii. Wakazi wa pembeni mwa ziwa waliendelea na perege wao. Kamba aliletwa bila chungu chake, na hakuna aliyewaambia kuna la kufanya naye.

China haikusubiri kuambiwa. Ilimpikia pilipili zake, ikamfuga kwenye mpunga kama Louisiana, na sasa huzalisha zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka. Nyama ya mikia iliyomenywa na kugandishwa ilipoanza kuingia Marekani kwa bei ambayo wamenyaji wa Louisiana hawakuiweza, serikali iliwawekea Wachina ushuru wa kuzuia bei za kutupa, mwaka 1997. Bado inaingia. Tangu mwaka 2019 sheria ya Louisiana inaitaka mikahawa ya jimbo hilo imwambie mlaji, kwenye orodha ya vyakula au kwenye tangazo, ikiwa kamba wanaouzwa humo wametoka nje ya nchi.